Mtandao Wenye Mtu Mmoja

Ukitaka kujua kama mtu ana shida na simu yake, kaa naye kwenye foleni. Siku ile ukumbi wa vitambulisho ulijaa hadi watu wengine wakakaa kwenye kingo za madirisha, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba, na katikati yao alikaa dada mmoja msusi ambaye simu yake ilikataa kunyamaza. Ililia kengele. Ikapiga filimbi. Ikatoa mlio wa tone la maji, ikatetemeka, halafu ikarudi kwenye kengele. Dada mwenyewe alivaa gauni la kitani rangi ya udongo lenye mifuko miwili mikubwa, na simu aliihamisha toka mfuko huu kwenda ule, utadhani kosa lilikuwa la mfuko.

Karani alichomoza kichwa dirishani akasema mwenye simu hiyo atoke nayo nje.

Kwenye kiti cha jirani alikuwa amekaa mwanamume wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikono, na mfuko wake wa kifuani haukuwa na kalamu bali bisibisi ndogo. Alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbele, "Tone la maji ni mtandao wa picha. Filimbi ni kundi, tena kundi kubwa. Kengele ni barua pepe. Hiyo inayotetemeka bado sijaijua."

"Hizo ni meseji za kawaida," msusi akamjibu. "Kwani wewe ni mganga?"

Mwanamume akasema yeye ni fundi simu, na kwamba kazi hizo mbili hazipishani sana.

Wakatoka wote wawili hadi kwenye ngazi. Alimwonyesha pa kubonyeza ili kelele zikome, na kwa kuwa kila mtandao ulikuwa na pake pa kubonyeza, shughuli ile ikachukua robo saa nzima. Waliporudi ndani namba hamsini na nane ya msusi ilikuwa imeshaitwa na kupita. Fundi alikuwa na sabini na moja. Akampa yake, akaenda kuchukua nyingine, akakaa ukumbini mpaka saa tisa alasiri. Mimi nasema mtu akikupa namba yake ya foleni, hajakupa kitu kidogo, na msusi aliondoka pale akijua hivyo hivyo.

Huyu dada wateja wake walimwita Vidole, kwa sababu kichwa ambacho wenzake walikisuka kutwa, yeye alikimaliza kabla ya saa saba. Alikodi kiti kimoja kati ya vitatu kwenye saluni ya mama mmoja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Fundi naye mtaani walimwita Chaji, maana lolote utakalompelekea, swali lake la kwanza ni kama lina chaji. Kibanda chake kilikuwa na meza ya kioo, taa ya kuinamisha na vidroo thelathini na sita, kila kimoja na jina lake kwa mwandiko wa shule. Mtu wa mpango, mpaka unaweza kumwonea huruma.

Wiki haikuisha, Vidole akafika kibandani. Yalikuwa yamemfika shingoni. Jumamosi iliyopita wanawake wawili walitokea kwa ajili ya kiti kimoja, saa ileile. Mmoja aliweka miadi kwenye mtandao wa picha, mwingine kwa sauti, na wote walikuwa na ushahidi. Mmoja alilia, kwa kuwa alikuwa anaagwa kazini jioni ile. Vidole alimweleza Chaji kwamba mikono yake yote miwili inakuwa ndani ya nywele na mafuta tangu asubuhi, na simu inamwita kwa midomo mitano, na kila anayemwita anaamini kwamba ni yeye peke yake aliyeita. Siku nyingine huifungua kwa ncha ya pua.

Chaji hakucheka. Alivuta kiti, akaikalia kazi ile alasiri yote. Alimwekea programu moja inayokusanya ujumbe kutoka kila upande na kuuweka mahali pamoja, akapaita Kapuni. Kapu lenyewe lingefunguliwa mara tatu kwa siku, basi. Yeyote aliyewekewa alama ya mteja angepata jibu la papo hapo: "Asante kwa kuandika. Vidole yuko kazini. Utajibiwa kwa zamu." Maneno hayo Chaji aliyatunga mwenyewe na kuyafuta mara nne kabla hajaridhika. Simu ya mteja haingelia wakati wa kusuka. Mwishowe akapita mtandao mmoja mmoja akihesabu watu waliomo, akafika kwenye ule wa sauti, ambamo alibaki dada yake Vidole peke yake.

"Huu tuuondoe," alisema. "Mtandao wenye mtu mmoja haustahili kukaa kwenye simu. Mlete huyo mtu kwa wenzake."

Vidole akamnyang'anya simu. Alisema huo uachwe hivyohivyo, mteja asitie mguu mle. Halafu akatafuta namba ya Chaji, akamwingiza yeye humo, mtu wa pili, akaondoka. Chaji alibaki na bisibisi mkononi, na mteja aliyefuata ilibidi amsalimu mara mbili.

Basi mapenzi yao yakajengwa mle, kwa sauti. Asubuhi Vidole akibandika maji ya kuoga alibonyeza na kuzungumza mpaka yachemke: ndoto aliyoota, mteja aliyetaka nywele za mtu wa kwenye picha ilhali nywele hizo hana, jirani na redio yake. Chaji alisikiliza huku anafungua makufuli ya kibanda, na kama hayajaisha aliyafungua polepole. Alijibu kwa sauti pia, yeye ambaye kwenye maandishi alikuwa mkavu kama risiti. Mle alimwita mpenzi, alimwita roho yangu, akikohoa kwanza ndipo aseme. Jumapili walitembea. Vidole akivaa viatu vya kisigino Chaji alimtania kwamba amepanda kutafuta mtandao, na Vidole alimwambia yeye ndiye anayehitaji, maana akiwa chini hashiki. Miezi minane ikapita hivyo, na neno la ndoa halikutamkwa na yeyote.

Ndipo dada mkubwa wa Vidole akapiga simu kutoka mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa amepata chumba cha saluni chenye viti vinne, mbele ya soko. Yeye hesabu na usimamizi, Vidole kazi ya mikono, nusu kwa nusu, mkataba wa mwaka. Mwenye chumba alitaka jibu Alhamisi, na dada mkubwa asingeweza kuacha kazi yake ya ofisini bila neno la mdogo wake.

Kwa miaka sita Vidole alikuwa ameota kiti chake mwenyewe, na sasa anaitiwa vinne. Lakini kwenda kulikuwa na maana moja zaidi, na hakuwa na haja ya kujidanganya. Kama Chaji alikuwa na nia naye, angebaki. Kama hakuwa nayo, basi anabaki kumngojea nani? Jumapili nzima alilizungusha swali hilo kichwani, akakata shauri kumuuliza.

Chaji hakuwapo. Alikuwa amesafiri kwa basi kwenda kwa mama yake, ambaye alifanyiwa upasuaji wa macho, na mtoto wa kiume ndiye aliyekuwa akimtia matone kila baada ya saa nne. Jumapili hiyohiyo mama aliondolewa kitambaa usoni. Aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake, akageuka kumtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa ameinamia simu, akijibu mteja.

"Mwanangu," mama akasema, "nimekaa mwaka mzima sikuoni vizuri. Leo nakuona, nawe unanionyesha utosi."

Maneno hayo yalimwingia. Yeye aliyetuliza simu za watu wote, yake ilikuwa na mitandao saba. Jioni ile, mama akiwa amekaa naye kibarazani, aliisafisha kama alivyowasafishia wengine, kwa kanuni ileile. Alihesabu watu. Mmoja wenye watu wengi akauacha, mingine akaifuta. Alipofika kwenye ule wa sauti aliona una mtu mmoja. Akaufuta. Kisha akaandika tangazo, akalituma kwa watu wote waliomo simuni: "Ndugu mteja na rafiki, kuanzia leo napatikana hapa tu. Nasoma ujumbe saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Asante kwa kunielewa." Akaweka simu chini, akamtazama mama yake, akajisikia mwepesi kabisa.

Hapo ndipo fundi alipochemka, na sina namna ya kumtetea.

Jumatatu asubuhi Vidole alibandika maji. Alirekodi mara tatu. Mara ya kwanza aliongea haraka, mara ya pili sauti ilimkatika, mara ya tatu alizima jiko kabisa ndipo aseme alilotaka kusema. Akatuma. Alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umefika haikutokea. Akajiambia Chaji anamtia mama matone.

Saa saba alinawa mafuta, akafungua Kapu. Mle, kati ya tangazo la dawa ya kukuza nywele na mtu anayeuza viti vya plastiki, alimkuta Chaji. Ndugu mteja na rafiki. Alisoma mara mbili. Akarudi kwenye mtandao wa sauti, na swali lake lilikuwa bado limesimama palepale mlangoni, halijafunguliwa. Hakujua kwamba Chaji ameufuta mtandao hata kabla ya swali kutumwa. Aliloliona yeye ni kwamba mtu aliyemwita roho yangu amehama, na habari ya kuhama amempa pamoja na wauza viti.

Jumanne alingoja. Jumatano asubuhi alifuta ujumbe wake, na mchana akafanya jambo dogo ambalo lilimuuma kuliko yote: akatafuta jina la Chaji, akaliwekea alama ya mteja. Alhamisi saa nne akampigia dada yake, akasema anakuja.

Na Chaji? Chaji alikuwa akifungua simu yake mara tatu kwa siku kama alivyotangaza, anakuta watu wote isipokuwa mmoja, na anajituliza kwamba Vidole ana kazi nyingi. Alingoja kuandikiwa. Siku ya nne, Alhamisi mchana, alishindwa. Alikuwa anamsafishia mama miwani akagundua kwamba anategea kitu masikio, na kitu chenyewe hakijaja tangu Jumapili. Akaandika: "Vipi mpenzi, salama?"

Jibu likaja hapohapo. Asante kwa kuandika. Vidole yuko kazini. Utajibiwa kwa zamu.

Mtu mwingine angeona ni adabu tu. Yeye ndiye aliyeitengeneza, na alijua kwamba haimwendei mtu ila aliyewekewa alama kwa mkono. Akaurudisha upesi ule mtandao wa sauti, ukafunguka, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja tu: ujumbe huu umefutwa. Akapiga. Ilikuwa saa ya kusuka, na simu za wateja hazilii.

Mama aliyaona yote, macho mapya hayo. Akamwambia aende, matone atamtia jirani, na akifika asisimame mlangoni akijieleza kama mtu wa bima.

Ijumaa saa nne Chaji alipanda ngazi za saluni, shati lake kwa mara ya kwanza halijapigwa pasi. Viti vyote vitatu vilikuwa na watu. Vidole alikuwa amefunga aproni nyeusi, nywele zake kazibana juu, na vidole vilikuwa ndani ya kichwa cha mwalimu mstaafu ambaye hakuwa na haraka wala aibu ya kusikiliza mambo ya watu. Vidole alimwona kwenye kioo. Akaitikia salamu, akamwonyesha benchi. Mbele yake kulikuwa na wanawake wawili, na Chaji aliwangoja wote wawili hadi saa nane kasoro, magoti pamoja, akishika begi lake. Mwalimu mstaafu alikwisha kusukwa zamani akahamia chini ya kofia ya kukaushia, akakataa kuondoka.

Zamu yake ilipofika alikaa kitini. Vidole alimfunga shuka shingoni, akashika chanuo, ingawa nywele zenyewe zilikuwa fupi, hazina la kuchanwa.

"Unasuka au unakata?"

"Nimekuja kujua ulinitumia nini."

"Nimefuta."

"Najua umefuta. Nauliza ulisema nini."

Vidole akaendelea kuchana. Aliuliza lile tangazo lilitumwa kwa watu wangapi. Chaji, ambaye uongo haujui hata pale unapomfaa, alisema mia nne na kumi na wawili. Vidole akauliza yeye alikuwa wa ngapi. Chaji akasema majina yalijipanga kwa herufi, kwa hiyo alikuwa kuelekea mwisho, baada ya duka la Vichwa vya Chaji na kabla ya lile la Vioo vya Jumla. Chini ya kofia ya kukaushia mwalimu mstaafu alisonya.

"Nilihesabu watu," Chaji akasema. Alikuwa anamtazama kwenye kioo, na sauti ilikuwa ileile ya asubuhi, ya kukohoa kwanza. "Nikaona mle yuko mtu mmoja, nikasema ni nafasi inapotea. Sikujiuliza kwa nini yuko mmoja. Kwenye simu za watu nilikuwa naona wingi ndio kazi. Wewe ulitoa wateja wote mle ukaniingiza mimi, na mimi nikakutoa nikakupeleka kwa watu wote. Nimeelewa jana, kwenye basi, na nimeona aibu mpaka nikashindwa kula."

Chanuo likasimama. Vidole akasema bila kupunguza sauti, maana saluni nzima ilikuwa imeshanyamaza na hakukuwa na siri ya kulinda.

"Nilisema hivi. Dada ananiita nikafanye naye kazi. Nikasema nitakwenda kama huna neno na mimi, na nitabaki kama unataka tuoane. Nikakuomba unijibu kabla ya Alhamisi kufika. Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa," akarudia Vidole, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni kwa kuwa viganja vilikuwa na mafuta.

Chaji aligeuka kitini na shuka lake shingoni, akamtazama uso kwa uso badala ya kioo. "Nataka tuoane."

"Usiseme kwa sababu umeogopa."

"Nimeogopa, ndiyo. Lakini hilo nilikuwa nalitaka hata kabla ya kuogopa. Nilikuwa naliweka tu, nalipangia siku."

"Nimeshampa dada neno. Ameacha kazi yake jana hiyohiyo, kwa neno langu. Siwezi kumwambia arudi akaombe." Alichomeka chanuo kwenye mfuko wa aproni. "Ni mwaka mzima."

Mwanamke wa kiti cha pili alikuwa ameshika kioo cha mkono na hajitazami. Chaji aliuliza anaondoka lini, akaambiwa Jumapili. Akaangalia sakafu iliyojaa nywele za watu. Angeweza kumwomba avunje ahadi. Nadhani lilimjia mdomoni. Lakini alikuwa amekuja kwa mwanamke ambaye neno lake halirudi nyuma, na hilo ndilo lililomfanya ampende, basi angemwombaje aanze kulirudisha leo?

"Nenda," alisema. "Mwaka nitaukaa. Ila kesho nipeleke kwa mama yako niseme mbele yake, usije ukadhani nimekwambia kitini tu."

Vidole alimfungua shuka, akalikung'uta ingawa hakukuwa na unywele juu yake. Akamwambia aje saa tisa, na apige pasi shati, mama yake mkali kwa mambo hayo. Mwalimu mstaafu akazima mashine ya kukaushia mwenyewe, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Jumamosi ilikwenda vizuri kuliko Chaji alivyostahili. Mama yake Vidole alimhoji saa nzima, akamkubali kwa kichwa, akasema mwaka ni mrefu na watu hubadilika, akawaachia sebule.

Jumapili saa tatu asubuhi basi lilikuwa limejaa. Vidole alivaa suruali ya jinzi na blauzi ya kijani, na sanduku lake lilikuwa zito kwa vyombo vya kazi. Walisimama karibu na mlango wa basi wakizungumza mambo madogo madogo, kama amebeba maji, kama dirisha lake linafunguka. Hawakuapiana. Vidole alimshika uso kwa viganja vyote viwili, vikavu leo, akapanda. Chaji alisimama pale mpaka basi likakunja kona na vumbi likatulia, na mwaka mzima ukawa mbele yake.

Basi halijamaliza mitaa ya mji, simu ya Vidole ikaita.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Sijasahau kitu."

"Mbona unapiga?"

"Nilitaka nikae na wewe mpaka pale mtandao utakapofikia."

Vidole aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha na simu sikioni, nyumba zikapungua, mashamba yakaanza. Alimsikia Chaji akitembea, akafungua kufuli moja, la pili, akavuta kiti, mtu akaja na simu yake mbovu, na kwa mara ya kwanza tangu aifungue biashara ile Chaji alimwambia mteja asubiri kidogo, yuko na mke wake. Vidole akafumba macho. Hakuna aliyekata simu, mpaka basi lilipoingia milimani na mtandao ukakatika wenyewe.